Mzee Dakika Kumi wa Ukumbi wa Nyota

Baba yetu mpendwa, ambaye chuo kizima kilimjua kama Mzee Dakika Kumi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa tatu kati ya sita. Shangazi anasema alikuwa hodari wa kufungua redio za watu. Kuzifunga ndiko kulikomshinda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari, na akahitimu ufundi wa umeme mwaka 1977. Hesabu aliziweza. Mwandiko wake ulihitaji mkalimani.

Mei 1981 aliitwa chuo kikuu kubadilisha taa za ukumbi wa nyota. Alikwenda kwa kazi ya siku mbili, akakaa miaka arobaini na miwili. Ukumbi huo wa kuba una mtambo katikati unaoonyesha anga yote, lakini kwa uhaba wa vyumba ulikuwa pia darasa la kila somo, kuanzia sheria hadi takwimu. Baba alimwomba kila mwalimu dakika kumi za mwisho za kipindi, azime taa na kuwaonyesha wanafunzi nyota za jioni hiyo hadi mapambazuko. Siku moja wanafunzi wa sheria waligeuza viti vyao vielekee ubao mpya, naye asijue. Akatangaza gizani, "Tazameni mbele yenu, jua linachomoza." Likachomoza visogoni mwao. Walipomcheka akasema, "Jua halina kosa. Geuzeni viti."

Alifunga ndoa na mama tarehe 17 Desemba 1983. Mama ni fundi cherehani, ndiye aliyeshona mapazia meusi ya ukumbi huo. Baba aliyarudisha mara tatu, ati yanapitisha mwanga. "Haukupita hata chembe," mama hutuambia. "Alitaka nirudi."

Aprili 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Mwezi huohuo chuo kilimweleza kwamba akiondoka, mtambo utang'olewa, maana hakuna mwingine anayeujua. Hilo lilimuuma kuliko figo zenyewe, na sisi wanawe tuliliona. Ndipo akaja hospitali mwalimu wa takwimu, yuleyule aliyekuwa akinung'unika miaka yote, "Mzee, unanilia kipindi." Alikuja na daftari. "Nifundishe, mzee. Nikikosea nigombeze." Baba alimgombeza kwa moyo mkunjufu miezi kumi na minne, kila siku ambayo hakuwa akisafishwa damu. Aliaga dunia Jumatano tarehe 14 Juni 2023, saa tatu asubuhi. Wasiwasi wake wa mwisho aliniambia mimi, bintiye wa kwanza: "Hajawahi kuuwasha peke yake."

Jana saa nane mchana wakuu wa chuo walikuja ukumbini kujionea kama mwalimu anauweza mtambo. Mwalimu alizima taa, akabonyeza. Nyota zikatokea zote. Mama alitazama juu, akasema, "Kumbe zinawaka bila yeye." Alilia, halafu akacheka, nasi tukacheka naye. Mkuu wa chuo akatangaza: mtambo unabaki.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili, na mwalimu mmoja wa takwimu ambaye tangu jana ni wa kwetu.

Lala kwa amani, baba. Kazi yako imepata mwenyewe.