Mama Gonga na Daraja Lililopakwa Rangi

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba mtege sikio hadi mwisho, maana historia hii ina jambo la njia litakalowahusu wote tutakapoinuka hapa.

Dada yetu, mliyemwita Mama Gonga, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, nyuma ya karakana ya baba yake, seremala, na mama yetu alisema alianza kuwashuku watu kabla hajaota meno. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1979, na chuo cha ufundi mwaka 1988, alikojifunza kugonga kitu kwa nyundo ndogo na kupima mtetemo wake, kwa sababu matabaka ya faibaglasi, ile plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, huachana ndani kwa ndani huku uso ukimeremeta.

Tarehe 2 Aprili 1989 aliajiriwa ofisi ya ukaguzi, akapima mashua na matangi ya faibaglasi, kila kimoja kingali kipya, ili baadaye akilinganishe na chenyewe, si na maneno ya muuzaji. Hata mchumba wake, mwalimu wa hesabu, dada alimwuliza swali moja, akalirudia baada ya miezi mitatu, majibu yakalingana, wakafunga ndoa tarehe 10 Julai 1993, wakajaliwa mabinti wawili, ambao hawakufaulu kumdanganya, ingawa Mungu anajua walijitahidi.

Daraja la miguu la faibaglasi, linalounganisha mtaa huu na upande wa makaburi, alilipima lilipofunguliwa mwaka 2016, akalipima tena tarehe 11 Mei 2023, mtetemo ukawa umelegea, akaagiza lifungwe, mkuu wake wa kazi akasema daraja ni salama, mama huyu hushuku hata kivuli chake, na wiki iliyofuata likapakwa rangi mpya. Familia haimtuhumu mtu, inauliza tu rangi ile ilikuwa ya nini. Jambo hilo lilimuuma sana.

Aliugua figo tangu Septemba, akafariki hospitalini tarehe 20 Februari 2024, akiwa bado anawaomba wauguzi wapime mara mbili.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wafanyakazi wenzake, hasa mkuu wake, ambaye asubuhi ya leo aliegesha gari ng'ambo, upande wa makaburi, hatua chache tu kutoka daraja alilosema ni salama, kisha akashika njia ndefu ya daraja la mawe, akafika hapa viatu vimejaa vumbi. Jeneza litapita alikopita yeye, na ninyi nyote mlifuate.

Dada, umesikika, pumzika kwa amani.