"Toa!" la Mama Vifungo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, na mwenye kitu jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka Kocha. Kocha wa mpira wa kikapu, timu ya wasichana, aliyetutoka wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo. Na moyo huo, jamani, aliutumia kweli kweli.

Tumtazame kwa macho ya shabiki wake mmoja, fundi cherehani. Mtaani wanamwita Mama Vifungo. Kisa? Mechi ikipamba moto, Kocha alijivuta shati mpaka vifungo vikaruka kama bisi. Kesho yake, huyo mke wa Kocha mlangoni kwa fundi.

"Shoga, mume wangu kavuliwa tena na mpira."

"Mwambie leo nashona kwa uzi wa gunia!"

Mama Vifungo hakukosa mechi. Alikaa nyuma ya benchi la timu, kushoto kwa Kocha, na mdomo wake haukujua likizo. "Kocha, umelala? Amka, wenzio wanafunga!" Kocha hageuki.

Sasa tegeni sikio. Ilikuwa fainali. Timu inaongoza kwa pointi moja. Mpira anao Ngazi, binti mrefu, nguzo ya timu. Mwenzake yuko peke yake chini ya kikapu. Mama Vifungo akasimama: "Toa! Toa!"

Alimaanisha toa pasi. Pasi, wasikilizaji!

Papo hapo Kocha akaomba mapumziko, akamtoa Ngazi. Akamkalisha benchi. Bila Ngazi, timu ikafungwa. Kombe likaenda kwa wengine, na Kocha akafukuzwa kazi.

Mama Vifungo akaganda. Mdomo umeponza kichwa, tena kichwa cha mwenzake! Kasema toa, mtu katolewa. Tangu siku hiyo akimwona Kocha njiani, anavuka upande wa pili kama mwizi wa kuku. Mashati yalizidi kuja, maana Kocha sasa aling'oa vifungo mbele ya televisheni. Mama Vifungo akashona kimya. Mtu wa vifungo kajihukumu kifungo, na ufunguo kaushika mwenyewe.

Siku ya msiba akaketi karibu na mjane. Akashindwa kuvumilia.

"Dada, mimi ndiye niliyemponza mumeo. Nilipiga kelele toa, akamtoa Ngazi."

Mjane akamtazama. "Ulikuwa umekaa wapi?"

"Palepale pangu, kushoto."

Mjane akacheka, cheko lake la kwanza tangu afiwe. "Mwenzangu we! Sikio la kushoto lilikufa yeye akiwa mtoto. Ndilo alilowageuzia ninyi mashabiki, apate kufikiri."

"Hakunisikia?"

"Hata chembe. Alimtoa mwenyewe. Aliona goti la yule binti linayumba. Aliniambia, kombe litarudi mwakani, goti halirudi."

Mama Vifungo akashusha pumzi mpaka mtandio ukalegea begani. Pale mlangoni Ngazi alikuwa akipita na benchi la wageni kichwani, hatua ndefu, magoti yote mazima. Fundi wetu akamtazama mpaka alipotoweka. Kisha akakunja uso.

"Ina maana miaka yote ile nilikuwa nalikaripia sikio bovu?"

"Miaka yote."

"Na ushauri wangu?"

"Ulikwenda na upepo, dada."

Wakacheka mpaka shangazi mmoja akaja kuuliza kama hapa ni msibani au harusini.

Ilipofika zamu ya kuaga, watu walipita kushoto mwa jeneza. Mama Vifungo akaacha foleni. Akazunguka, akasimama kulia, akainama.

"Kocha," akasema, taratibu kwa mara ya kwanza maishani mwake, "ulifanya vizuri kumtoa."

Kwa mjane, kwa watoto, na kwa mabinti wote aliowafundisha Kocha: poleni sana, tuko pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, kama una neno na mtu, usilipigie kelele kutoka hapo ulipozoea kukaa. Nyanyuka, zunguka, ukamwambie upande anaosikia. Tena nenda angali anasikia.