Leseni ya Mwashi Josia Mwijage

Ndugu waombolezaji, majirani wa Nshambya na mafundi wenzetu, tunayemsindikiza leo ni kaka yangu Josia Mwijage, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1947 hapahapa Nshambya, akasoma Kagondo hadi darasa la nane mwaka 1963, akajifunza uashi misheni, na tarehe 18 Septemba 1971 akafunga ndoa na Paskazia, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa Rozi.

Vita vilipokwisha mwaka 1979, nyumba nyingi zikiwa hazina paa wala madirisha, Josia alikusanya mafundi, akapata leseni ya mkandarasi mdogo, akajenga kuanzia Bukoba hadi Muleba, na Paskazia akipanda naye jukwaani kupanga matofali.

Mwaka 1989 alianza kuugua, ugonjwa huu huu unaotumalizia ndugu, na kilichomkosesha usingizi ni kanuni, kwa kuwa leseni ilikuwa ya jina lake, na kazi ilitakiwa isimamiwe na mwashi mwenye cheti, na wenzake wenye vyeti katika kundi lake tulikuwa tumeshawazika. Januari mwaka huu mkaguzi alifika kwenye zahanati waliyokuwa wakijenga Muleba, akauliza msimamizi yuko wapi, vijana wakatazamana, kazi ikasimamishwa.

Josia akamwambia mkewe, "Mama Rozi, nenda kafanye majaribio ya ufundi upate cheti, mimi nikiondoka na leseni imeondoka, mtakula nini?"

"Nikuache katika hali hii? Na wakinicheka?"

"Wacheke, ukuta wako watauona."

Tarehe 12 Machi 1991 Paskazia alikwenda mjini, huku nyuma Josia akaomba kitanda kigeuzwe kielekee mlangoni, akawa anashtuka kila baiskeli ikipita, chakula hataki, nasi tukihofu atakata roho kabla mwenzake hajarudi. Jioni Paskazia aliingia, saruji ikiwa bado mikononi, akasema, "Nimefaulu, daraja la tatu." Josia aliishika mikono ile, akapata usingizi.

Alifariki alfajiri ya tarehe 15 Machi.

Leseni mpya haijatoka, wala hatujui kama ofisi itakubali jina la mwanamke, ila wiki ijayo Paskazia anakwenda kuomba, nanyi wenye kazi, waitu, ndugu zetu, tunawasihi msiwape wengine kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea kuni na ndizi, na mafundi mliochimba kaburi tangu asubuhi.

Josia, umehangaika vya kutosha, mwiko wako wa uashi anao Paskazia, pumzika sasa kwa amani.