Polikarp Mbawala na Manowari Iliyopita Juu Yao

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliofika hapa Ruhuwiko tangu msiba ulipotufika, mimi ni Benigna, binti wa tatu wa marehemu, na kwa niaba ya mama na ndugu zangu nitawasomea maisha ya baba kama alivyotusimulia mwenyewe, si kama wengine walivyotaka tuyasome.

Marehemu Polikarp Mbawala alizaliwa tarehe 23 Februari 1925 huko Namtumbo, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1941 akaenda Tanga kukata mkonge, kazi aliyoichukia upesi, akavuka hadi Mombasa na kuajiriwa kutia makaa kwenye tanuri la meli ya mizigo, ambako alikutana na Salum Alfani, Myao wa Tunduru, wakawa ndugu. Ilikuwa vita, na kwa hofu ya nyambizi za adui meli za mizigo zilisafiri kwa msafara, manowari zikizilinda pembeni, na baba alisema wakubwa wa manowari waliwatazama watia makaa kana kwamba nao ni makaa.

Asubuhi ya tarehe 17 Novemba 1943, wakirudi kutoka Kolombo, meli yao ilipigwa kombora na nyambizi, ikazama kabla mashua hazijashushwa, baba na Salum wakajikuta majini wameshikilia ubao mmoja, wenzao wametapakaa pande zote, na walipoona manowari inageuka kuja kwao wakapunga mikono, wengine wakicheka kwa furaha, wakijua wamepona. Manowari haikupunguza mwendo. Ilipita katikati yao, ikadondosha mabomu ya kulipukia chini ya maji, kwa kudhani nyambizi imejificha hapo, bahari ikapasuka, Salum akatokwa damu mdomoni na puani, akafa angali ameshika ubao, na walinzi hao hodari, baada ya kuwaua waliotumwa kuwalinda, hawakuambulia hata hiyo nyambizi, ambayo ilijiendea zake. Waliosalia waliokotwa na meli nyingine ya mizigo. Walipokuwa wamelazwa Mombasa, afisa mmoja aliwapitia, akawapa blanketi na sifa, akawaagiza waseme kwamba wote waliokufa waliuawa na adui.

Baba aliachishwa kazi mwaka 1944, akarudi kwa njia ya Lindi, na kabla ya kufika kwao akashuka Tunduru kwa Bi Zuhra, mama yake Salum, ambaye karani wa serikali alikwisha kumletea maneno ya yule afisa, na baba akamweleza ukweli wote. Bi Zuhra akamuuliza jambo moja tu, "Mwanangu alijua nani amemuua?" Baba, ambaye angeweza kumpoza kwa uongo, akajibu, "Alijua, mama. Tulikuwa tumewapungia mikono." Yule mama akamwambia ale kwanza ndipo aondoke. Karani alipopata habari akamtishia baba kifungo, lakini kila baada ya mavuno baba alikwenda Tunduru kumsalimu Bi Zuhra, mpaka mwaka 1962 walipomzika.

Tarehe 8 Oktoba 1949 alifunga ndoa na mama yetu, Kunegunda, wakajaliwa watoto sita, wanne tuko hai, akatulea kwa tumbaku na mahindi, na mwaka 1988 akahamia hapa. Kwenye vilabu vya pombe vya mtaa wa Bombambili walimcheka, wakasema Mngoni wa Namtumbo nyambizi aliiona wapi, wakamwita mwongo mbele ya wajukuu zake, na baadhi yao leo wamekaa viti vya mbele, wamevaa suti, wanajifuta macho.

Mwaka 2005 walikuja mabwana wa kuandaa sherehe ya kumbukumbu ya vita, wakamtaka avae kofia, asimame mbele ya wageni, azishukuru manowari kwa ulinzi wao. Baba aliwakaribisha chai, akawauliza, "Mchunga aliyewakanyaga kondoo, na fisi akamponyoka, mnampa nishani ya nini?" Wakaondoka bila kumaliza chai. Juzi wenzao wametuletea shada kubwa, wakatuomba tuseme hapa kwamba marehemu alisafiri salama chini ya ulinzi shupavu. Hatusemi.

Tangu Machi mwaka huu baba alisumbuliwa na kifua, akalazwa mara mbili, akarudishwa nyumbani, na tarehe 9 Julai 2025, mama akiwa amemshika mkono, alifariki akiwa na umri wa miaka mia moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdharau, majirani waliochota maji na kupika, wakulima wenzake wa tumbaku waliotoka Namtumbo, na Jumuiya yetu kwa sala. Wenye shada hatuna la kuwashukuru.

Baba, nenda. Unakokwenda hakuna anayekuja kukulinda. Pumzika kwa amani.