Mwenye Chungu: Maisha ya Mama Galefele Motlhabane, 1949–2024

Majirani, wakwe, na ninyi mliosafiri kutoka mbali: familia inawaomba mkae kimya kidogo, tuwasomee maisha ya mama yetu kabla udongo haujamfunika. Yeye mwenyewe alichoka mapema na hotuba. Alikuwa akisema kwamba msibani hotuba ndefu huunguza nyama. Tutajitahidi.

Galefele alizaliwa Ranaka tarehe 14 Aprili 1949, mtoto wa tatu wa Mzee Tsheko na Mama Bonyana. Wakati wa baridi mama yake alipika uji wa mtama nje, nyuma ya uzio wa matete, na mtoto akalazwa upande ule moshi usikokwenda. Moshi ukigeuka, mtoto naye anahamishwa. Alisema alijifunza upepo kabla ya kujifunza kusema.

Mwaka 1957 aliingia shule ya misheni hapa Kanye, akafika darasa la sita. Wasichana walifundishwa kuoka keki na kupanga vikombe vya chai kwa ajili ya wageni. Alipenda vikombe. Keki aliidharau, kwa sababu haikumshibisha mtu aliyetembea tangu alfajiri. Ukame ule mkubwa ulipomaliza ng'ombe wa baba yake, masomo nayo yakaisha. Hakulizungumzia sana jambo hilo. Ila daftari zote za wajukuu wake alizifunika kwa karatasi ngumu kwa mikono yake mwenyewe, na ole wake aliyeweka juu yake kikombe chenye maji.

Mwaka 1968 alianza kazi jikoni, katika shule ya bweni huko Lobatse, akafanya kazi hapo miaka ishirini na miwili. Alipika kwenye sufuria za alumini zilizobonyea, ambazo alisema zina haraka kama mtu aliyekopa: zinachemka upesi, zinaunguza upesi, na hazikumbuki kitu. Chuma, alisema, kinakumbuka.

Tarehe 18 Desemba 1971 aliolewa na marehemu Kelapile Motlhabane, aliyekuwa mchimbaji katika migodi ya Afrika Kusini. Kelapile alikuwa amemwahidi blanketi la sufu. Galefele akamwambia blanketi litachakaa. Anunue chungu cha chuma cha miguu mitatu, kile kikubwa kabisa, na wakichague pamoja. Wakaenda dukani Lobatse. Yeye akaokota kokoto mlangoni, akaanza kugonga vyungu kimoja baada ya kingine, huku ameinamisha kichwa na kusikiliza. Chungu chenye ufa usioonekana hutoa sauti butu. Akapapasa mshono, akavitikisa kuona kama vimesimama sawa, akachungulia ndani kutafuta vitundu. Mwenye duka akachoka.

"Dada, unanunua chungu au kengele?"

"Kengele," akamjibu. "Ikilia vizuri, watu watakuja wenyewe."

Alikiita Mmantsho, yaani Mama Mweusi. Kwa sabuni hakukiosha hata siku moja. Alikisugua kwa majivu na maji ya moto, akakirudisha motoni kikauke, akakipaka mafuta ya ng'ombe kingali vuguvugu, kisha akakifunika kifudifudi juu ya mawe. Jirani akija kukiazima kwa ajili ya harusi au msiba, alipewa. Lakini Galefele aliondoka nacho, kigoda mkononi. "Mmantsho hatembei peke yake," alisema. Kwa hiyo hakuna nyumba katika mtaa huu iliyozika bila ya kumwona ameketi karibu na moto.

Karibu, si penyewe. Ninyi nyote mnajua kwamba nyama ya msiba, seswaa, huchemshwa na wanaume na kupondwa na wanaume. Wanawake wana mtama, maharage na mboga zao upande wa pili wa ua. Ndivyo tulivyoikuta desturi, na mama aliiheshimu hadi tarehe 23 Agosti 1986, siku ya kumzika baba mkwe wake.

Tunalosema sasa tunalisema kwa ruhusa ya baba mdogo Sebego, mdogo wake marehemu baba, ambaye yuko hapa mbele yetu. Asubuhi ile wapishi walikuwa wamezama katika kichwa cha ng'ombe, fungu lao, na katika mabishano juu yake. Moto ukapanda, maji yakakauka. Kijana Sebego akasikia harufu, akakimbilia ndoo, akamimina maji ya baridi katika chungu cha ukoo kilichokuwa chekundu kitakoni. Chungu kikalia mara moja kama risasi. Kikapasuka kuanzia mdomoni hadi mguuni, na nyama ikamwagika majivuni, huku nyimbo za watu wanaorudi makaburini zikiwa tayari zimefika kwenye uzio.

Galefele hakumlaumu mtu. Alimviringisha Mmantsho hadi motoni, akaosha nyama, akatia maji moto na chumvi, akashika mti wa kupondea. Watu walipoketi, wakala. Wengi walisema haijawahi kuwa laini hivi. Walipojua nani aliiponda, baadhi waliacha kutafuna.

Wiki iliyofuata aliitwa kgotla, kwenye baraza la wanaume wa mtaa. Akaambiwa amevunja heshima ya marehemu, atoe mbuzi mmoja awe faini. Hakubisha. Jumamosi akamleta mbuzi, akiwa ndani ya Mmantsho: amechemshwa, amepondwa, na mvuke unatoka. Akaweka sahani, akaketi kwenye kigoda chake.

"Faini hii hapa, wazee wangu. Hamkusema awe anatembea."

Kisha mmoja akanawa mikono. Inasemekana kijana Sebego ndiye aliyekomba ukoko.

Tangu siku hiyo hawakumpa ruhusa, na hawakumfukuza. Msiba hadi msiba, kigoda kilisogea. Kwanza aliwaambia tu moto umezidi. Baadaye akawa anaonja chumvi. Mwishoni aliponda, na wanaume walitazama pembeni, kama watu waliokubaliana kutoona mvua.

Bwana na bibi Motlhabane walijaliwa mabinti wanne. Wa mwisho alipozaliwa, ndugu walikuja na nyuso za kutoa pole. Mama akampa jina ambalo wao walikuwa wanalinong'ona: Mosetsanagape, "msichana tena". Alilitamka kwa sauti kubwa, kila jioni, akimwita kutoka upande wa moto. Huyo ndiye aliyefundishwa kugonga chuma na kusikiliza.

Kisukari kilimpata mwaka 2009. Alikipuuza, kisha akakitukana, kisha akakubali kukipikia chakula chake. Mwaka 2021 alikatwa mguu wa kushoto. Tulipomtembelea wodini tukiwa tumejiandaa kulia, alitunyooshea magongo. "Mguu mmoja na magongo mawili," akasema. "Sasa tuko sawa, mimi na Mmantsho. Kila mmoja ana miguu mitatu." Alirudi nyumbani, akaendelea kupokea wageni kwa utaratibu wake: mgeni hula kwanza, habari huulizwa baadaye, maana mwenye njaa hutoa habari mbaya tu.

Mwezi uliopita figo zilichoka. Alituita wote wanne. Akasema nyama ya msiba wake iive ndani ya Mmantsho na ipondwe na Mosetsanagape, mchana kweupe, mbele ya mtaa. "Asiyetaka kuila, kuna maharage." Kisha akamgeukia binti yake. "Lakini usiponde kwa hasira, mwanangu. Hasira inaifanya nyama kuwa unga. Ponda taratibu, hadi nyuzi ziachane zenyewe." Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024.

Aya hii haimo katika kijitabu mlichoshika. Iliandikwa jana jioni. Jumatatu, baada ya sala, baba mdogo Sebego alituambia kwamba msichana akiponda nyama, hakuna mwanamume wa mtaa huu atakayechimba kaburi. Tukamjibu kwamba tumesikia. Jana tulichukua sepetu, mabinti watatu, tukaja hapa kuchimba wenyewe. Wa nne alikuwa na chungu. Udongo wa Kanye mnaujua. Tulikuwa tumefika magotini alipotokea baba mdogo, akasimama ukingoni, mikono mgongoni.

"Tokeni. Mnachimba kama mnatafuta viazi. Limepinda."

"Na nyama, baba mdogo?" aliuliza Boikanyo, mkubwa wetu.

"Mimi nachimba kaburi la shemeji yangu. Habari za nyama sijaulizwa."

Akavua koti, akashuka. Wenzake wakaja mmoja mmoja. Hawakutazama upande wetu. Kuta za kaburi hili, kama mnavyoona, zimenyooka. Alipomaliza alijipangusa mikono, akasema kwa sauti ya chini tumwekee ukoko.

Mama Galefele ameacha mabinti zake Boikanyo, Gomolemo, Thatayaone na Mosetsanagape. Wajukuu tisa na kitukuu mmoja. Dada yake Ketlogetswe wa Ranaka. Shemeji yake Sebego. Na Mmantsho, ambaye hatagawanywa, hatauzwa, na hatatembea peke yake.

Moshi mnaouona nyumbani kwetu ni wake. Mosetsanagape hayuko hapa kaburini, msimtafute. Yuko motoni na mti wa kupondea mkononi, na wala hajajificha nyuma ya matete. Tukitoka hapa, naweni mikono mje mle. Asiyetaka, kuna maharage.

Alisimama maisha yake yote akiwapakulia wengine. Leo na aketi, Galefele wetu, upande ule moshi usikokwenda, apumzike kwa amani.