Mama Chokaa na Nusu ya Nguzo

Miaka thelathini na mbili ya kazi, na tarehe 30 mwezi huu basi. Msimamizi wetu wa nguzo za mpaka, mama tunayemwita Mama Chokaa, anastaafu. Ofisi ilitaka vijana wa kompyuta waandike habari zake. Nimekataa. Kwenye kikosi hiki hakuna aliyechimba kunishinda mimi, wala aliyemwona mama huyu kazini kunishinda.

Kazi yenyewe ni hii. Nchi yetu na ya jirani zilitawaliwa na bwana mmoja. Alichora mstari porini kama mtu anayegawa shamba lake mwenyewe, akapanda nguzo za saruji, kisha akafunga mizigo akaenda kwao. Sisi tukabaki na nguzo. Kila kiangazi kikosi chetu na chao hukutana, tukafyeka majani, tukapaka chokaa. Uso unaotazama kwetu tunapaka sisi, unaotazama kwao wanapaka wao.

Mama Chokaa alianza kibarua, akibeba maji ya kukorogea chokaa, akapanda hadi usimamizi. Anapaka nguzo kama anayempaka mtoto mafuta, hasahau hata nyuma ya sikio. Na utani anaujua. Nyapara wa ng'ambo alikuwa akimwita shemeji, naye akimjibu kwamba dada zake wote wana macho mazima, nani atamtaka yeye?

Halafu wakubwa wakakosana. Kule serikali ilibadilika, redio zao zikamtukana rais wetu, za kwetu zikajibu mapigo, mabalozi wakarudi makwao. Kikosi chao hakikuja. Tukamwambia mama tupake nguzo nzima, chokaa si ipo? Akasema uso ule una wenyewe. Miaka mitatu nguzo zikasimama hivyo, upande mweupe, upande kuvu.

Mwaka wa uchaguzi akaja mgombea mmoja na msafara na wapiga picha. Alikuwa amewaahidi watu kisima kilicho ng'ambo kidogo tu ya nguzo, ambacho wanawake wa pande zote huchota. Akaamuru nguzo ing'olewe, ikapandwe upande wa pili wa kisima, kiwe chetu. Kilimani askari wa jirani walikuwa wamelala kifudifudi, bunduki zinatutazama. Mtaimbo ninao mimi, na inajulikana nguzo kama ile naing'oa kabla chai haijapoa. Mama akaninyooshea mkono. Mtaimbo wangu huwa simpi mtu. Nikampa. Akaulaza chini, akaketi juu ya nguzo.

Mgombea akamuuliza mbele ya kamera, hao jirani wamekuhonga nini? Mama akamwita "mwanangu". Akamwambia nguzo hii aliipanda mtu ambaye hakutuuliza sisi wala wao. Na wewe ukiihamisha bila kuulizana nao, tofauti yako na yule ni rangi ya ngozi tu. Watu wakacheka, hadi dereva wake. Msafara ukageuza.

Kwa hilo mama alitupwa stoo, kulinda majembe, mpaka serikali zilipopatana. Kikosi cha jirani kikarudi. Nyapara wao akapita nguzo kwa nguzo akitazama uso wa kwao: kuvu tupu, hata tone la chokaa yetu halikuvuka. Akakaa chini. Akasema hagusi brashi mpaka shemeji yake aletwe. Wizara mbili zikapigiana simu kwa ajili ya mama mmoja wa stoo! Mimi nimeona mengi kushinda wenye shule zao, lakini hilo lilikuwa jipya hata kwangu.

Mama Chokaa, siku ile ya mgombea kisimani walikuwapo wanawake wa kwetu na wa kwao, na ndoo zao. Jioni wote walikuwa majumbani wanapika. Hiyo ndiyo kazi uliyofanya, na medali yake bado haijatengenezwa. Tunakushukuru, na wa ng'ambo wametutuma tukuambie wanashukuru vilevile. Kalale mpaka jua likuchome, wajukuu wakuchoshe kwa kelele, ule ulichokitolea jasho. Uishi sana, mama.