Treni Saba za Paa la Mama: Maisha ya Mzee Jonasi Msukwa

Mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa mtaa wetu wa Majengo, ndugu mlioshuka kutoka Kafule na Igamba, wageni wetu mliovuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, na ninyi majirani mliokaa nasi kwenye baridi hii tangu Jumamosi, familia inawaomba masikio yenu, tuseme marehemu alikuwa nani, alitoka wapi na alifanya nini, na tuseme pia jambo moja aliloliagiza mwenyewe akiwa na akili zake timamu, kwamba mwaka 2019 alimwita fundi Amoni Simkoko mwizi mbele ya watu, na kwamba neno hilo lirudishwe mbele ya watu kabla yeye hajafukiwa. Mengi mmeshayapata kwa wapita njia, leo mtayapata kwa wenyewe.

Marehemu Jonasi Gwalugano Msukwa alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 katika kijiji cha Kafule, Ileje, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Gwalugano Msukwa na Bibi Gwantwa, ambao wote wawili wamemtangulia. Alibatizwa mwaka huohuo, na mama yake alipenda kusimulia kwamba alilia ibada nzima, akanyamaza alipoona sahani ya sadaka inapita.

Alianza darasa la kwanza hapohapo kijijini mwaka 1962 na kumaliza la saba mwaka 1968, hakuendelea mbele, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu nyumba ile ilikuwa na uwezo wa kumsomesha mmoja tu, na aliyesomeshwa ni kaka yake mkubwa Asheri, ambaye yuko hapa mbele yetu, na matokeo yake mnayajua.

Mwaka 1972, reli ilipokuwa inajengwa kuja huku kwetu, marehemu alishuka milima ya Ileje kwa miguu, akapata kibarua cha kubeba mataruma, na mwaka 1976 akaajiriwa rasmi katika stesheni ya Tunduma kwa kazi ya kugeuza njia za treni, akapanda taratibu hadi kuwa msaidizi wa mkuu wa stesheni, cheo alichostaafu nacho mwaka 2008. Katika miaka yote hiyo hakuna siku treni ilimkuta hayupo, na hata siku za mapumziko, ikipiga honi alitoka nje kuiangalia, ameshika sahani ya ugali mkononi.

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na Yunisi Nzunda wa Igamba, Mbozi, huyu Mama Irene mnayemwona, nao wakajaliwa watoto watano, Irene, Shadrack, Brenda, Fides na Dennis, na wajukuu kumi na mmoja. Ndoa yao ilikuwa ya amani, isipokuwa katika jambo la kabati la vioo. Kabati hilo Mama Irene alilinunua kwa ajili ya vyombo vyake vya harusi, lakini mwaka 1988 marehemu aliokota sokoni Nakonde, ndani ya robota la vitu vya watoto kutoka Ulaya, kichwa cha treni cha chuma cha kuchezea, kimepoteza gurudumu moja, akakileta nyumbani kama mtu aliyeleta mgeni, kikawekwa kwenye kabati kwa muda, kikafuatwa na cha pili na cha tatu, hadi sahani za harusi zikahamia chini ya kitanda, na Mama Irene akawaambia wanawake wenzake wa kanisani kwamba yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na stesheni.

Baada ya miaka kumi ya kukusanya, marehemu aliona kasoro moja, kwamba treni zote zile zilikuwa za kwao Wazungu, na kile kichwa chenye pua butu alichokipungia bendera maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kukitengeneza kwa umbo dogo. Ndipo mwaka 1998 alipokwenda mtaa wa Mwaka kwa fundi bati Amoni Simkoko, mtengeneza majiko, ndoo na vibatari, akampa kazi. Amoni alikuwa hajawahi kupanda treni, kwa hiyo Jonasi alimpandisha hadi Vwawa na kumrudisha, na abiria wa siku ile walimwona mtu mzima ametoa nusu ya mwili dirishani, anapima behewa kwa vidole.

Hapo ndipo zilipozaliwa zile ambazo watu wa Tunduma waliziita treni za namba. Utaratibu wake ulikuwa mmoja na haukuvunjwa, kila toleo lilitoka kwenye kitu kimoja cha bati, la kwanza pipa la mafuta, la pili tangi la maji lililotoboka, na bati likiisha toleo nalo limeisha, karatasi ya kipimo inatiwa motoni wote wawili wakiangalia, kisha Jonasi mwenyewe anagonga kwa msumari, chini ya tumbo la kila treni, namba yake na jumla yake, moja kati ya tano, mbili kati ya tano, basi. Waliozitafuta walikuwa wastaafu wenzake wa reli hadi Mpika, baadaye hata watu wa Dar es Salaam kwa njia ya simu, na mteja aliyepokea treni akaisifia rangi bila kuigeuza alifokewa palepale, kwa kuwa marehemu alisema treni haisomwi usoni, inasomwa tumboni. Kuna daktari mmoja wa Kasama alimbembeleza mwaka mzima amwongezee ya sita katika toleo la tano, "Awe, ba Jonasi," yaani hapana, Mzee Jonasi, kwa Kibemba, "moja tu, nani atajua?" akajibiwa kwamba tumbo lake litajua.

Tarehe 9 Juni 2016 Bibi Gwantwa alifariki, nyumba yake ya Kafule ikabomolewa, na katika paa lake la mwaka 1961, yale mabati mazito ya zamani, yalipatikana mazima mawili tu, mengine yaliliwa na kutu. Watoto wake walikaa kikao, wakakubaliana mabati yale apewe Jonasi, naye akawaahidi treni saba, moja kwa kila mtoto wa mama, zisizouzwa wala kuongezwa, na Krismasi ya mwaka ule aliwagawia palepale kiwanjani nyumba ilipokuwa. Kaka Asheri alitoka machozi siku hiyo, ingawa yeye anasema ulikuwa moshi.

Sasa tunakuja kwenye jambo lenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2019, mama mmoja wa mtaa huu, ambaye yupo hapa, amejifunga kitenge cha kijani, jina lake tumemwachia Mungu, alivuka kwenda Nakonde kumpa hongera Witness, binti wa fundi Amoni, aliyekuwa amejifungua, na juu ya televisheni akaona treni ya bati kuukuu, sawasawa na ya kabatini kwa Jonasi. Akamwambia mmoja tu, naye akamwambia mmoja tu, na habari ilipovuka mpaka kurudi Majengo ile treni moja ilikuwa imeshakuwa nne, na mnunuzi alikuwa ameshapatikana Lusaka. Kabla wiki haijaisha Kaka Asheri alipiga simu kutoka Kafule, hakusalimia, aliuliza tu kama paa la mama limeshafika sokoni. Hilo ndilo lililomchoma marehemu, kwamba ndugu zake wa tumbo moja walimdhania amemuuza mama yao kwa vipande.

Alikwenda Mwaka siku hiyohiyo, na fundi Amoni hakukana, alisema ndiyo, alimtengenezea binti yake siku ya kuolewa, kwa sababu tangu akiwa mdogo Witness ndiye aliyevuvia moto wa treni za watu wote na hakuwahi kuwa na yake, na aliitengeneza kwa masalio. "Masalio ni ya fundi, kaka Jonasi, fundi cherehani akibakiwa na kitambaa cha suti yako umewahi kumdai?" Jonasi akamjibu kwamba suti yake haikumkinga mama yake mvua miaka hamsini na mitano. Kusema kweli kila mmoja alikuwa na lake, maana mila ya masalio tumeikuta na inajulikana, na ahadi ya saba nayo ilikuwa ahadi, mtaa ukagawanyika, mafundi cherehani wote wakasimama na Amoni, kwa sababu wanazozijua wenyewe.

Lingeishia hapo lingekuwa ugomvi wa watu wawili. Lakini Jumapili tarehe 24 Machi 2019, baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka pale nje ya kanisa, fundi Amoni alitoa jiko jipya kuwa sadaka yake, watu wakaanza kulipandishia bei, na marehemu akasimama akasema kwa sauti ya stesheni, "Kabla hamjanunua, muulizeni bati la jiko hilo ni paa la marehemu gani, maana huyu ni mwizi." Aliyekuwa amenyoosha mkono aliushusha. Mchungaji aliita mara tatu, hakuna aliyeitikia, na fundi Amoni alilichukua jiko lake, akajitwisha, akaondoka nalo mbele ya macho yetu, na tangu siku hiyo amekuwa akisali ng'ambo, na watu waliokuwa wakinunua majiko kwake wakaanza kuagiza Mlowo.

Marehemu naye hakufaidika. Hakutoa toleo jingine tena, ingawa alijaribu kwa fundi mmoja wa mbali, ambaye alimletea kitu ambacho Mama Irene alikipaka mafuta akidhani ni cha kuokea mkate, na kila alipokuwa na safari ya upande wa Mwaka alizunguka kwa nyuma, mtu mzima anajificha kama anayedaiwa vikoba.

Mwezi Septemba 2023 alianza kuugua kisukari, baadaye figo, akatibiwa hapa Tunduma na kisha Mbeya, akawa mtu wa kwenda na kurudi. Jumamosi tarehe 31 Mei mwaka huu alitembelewa na mtu asiyemtarajia, Witness, amebeba ndizi na kitu kilichofungwa kwenye khanga, baba yake hana habari, akakaa pembeni ya kitanda akamwambia, "Baba mkubwa, wewe hii treni uliisikia tu, hujawahi kuiona. Iangalie." Marehemu aliomba miwani. Aliitazama ubavuni, akaona ni viraka vitupu, vipande vidogo vidogo kama viberiti vilivyoungwa kwa risasi iliyoyeyushwa, mtu asingeweza kuvifanya kitu chochote isipokuwa mwenye subira ya Amoni. Kisha akaigeuza. Tumbo lilikuwa tupu, hakuna namba. Mama Irene alikuwa mlangoni, anasema mumewe aliweka kidole gumba pale na hakukiondoa, na chai yake ikapoa.

Fundi Amoni hakuihesabu pamoja na zile saba, hakuigonga namba wala hakuiuza, ahadi ya Jonasi aliitunza kuliko Jonasi alivyoitunza heshima ya fundi. Na mtu aliyewafokea wateja miaka ishirini wageuze treni kabla hawajasema, hii moja aliisema kabla ya kuigeuza.

Alimpigia simu jioni ileile, akamwambia, "Fundi, nimekukosea." Amoni alimsalimia kwanza, akamuuliza miguu inaendeleaje, ndipo akasema, "Kaka Jonasi, nimekusikia, lakini hukuniita mwizi chumbani kwako. Walikuwepo watu. Liseme walipokuwepo." Marehemu akajaribu njia nyingine, akamwambia ana bati zuri kalihifadhi kwa toleo jipya, je, atakuja kulichukua, akajibiwa, "Neno kwanza, bati baadaye," na alipokata simu alicheka hadi akakohoa, akasema fundi ni yuleyule.

Aliomba nafasi kwa Mchungaji kusema kwenye mnada wa Jumapili tarehe 15 Juni, akapewa, shati jeupe likapigwa pasi. Alhamisi tarehe 12 hali ilibadilika, akapelekwa hospitali, na Ijumaa alimshika Mama Irene mkono akamwambia kama Jumapili haitamkuta, maneno yake wayasome msibani, maana mnadani wengine hukosa, lakini msibani watu hawakosi. Alifariki Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 72 na miezi miwili.

Kwa hiyo sikieni maneno yake, kama alivyompa mke wake. "Mimi Jonasi Msukwa nilimwita Amoni Simkoko mwizi. Amoni hakuiba. Masalio yalikuwa ya fundi. Treni za paa la mama ni saba, na ya Witness ni ya Witness. Neno langu naliokota pale nilipolitupa." Kaka Asheri alisomewa maneno haya asubuhi, akasema ni kweli, na wanaomjua wanajua hilo si jambo dogo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tunduma na Mbeya waliompigania marehemu, wafanyakazi wenzake wa reli, wastaafu kwa walioko kazini, Mchungaji na waumini, majirani wa Majengo kwa kuni, maji na viti, na wewe mama wa kitenge cha kijani, ambaye tangu Jumamosi umepika bila kupumzika, tunakushukuru kwa dhati, na tunakuomba habari hii ya leo nayo uivushe mpaka Nakonde, vilevile ilivyo, bila kuiongeza.

Mwisho, fundi Amoni Simkoko yuko nyuma ya nyumba tangu jana, anaziba sufuria za msiba zinazovuja, alikuja bila kuitwa na hakuna aliyemwambia kaa. Familia inamwomba aache nyundo, anawe mikono, aje akae mbele na watoto wa Bibi Gwantwa, na watakapotangulia kutia udongo atie pamoja nao. Kaka Asheri, msogezee kiti.

Nawe Jonasi, lala kwa amani. Ulilobakiza kusema limesemwa, na watu walikuwepo.